Kuingia Frankenstein kwa Mlango wa Katikati

Mwalimu wa fasihi wa Homa Bay au Migori, magharibi mwa Kenya, anayetaka kuwaingiza wanafunzi wake katika riwaya ya Kigothiki hukabiliwa na vizuizi viwili: mandhari ya barafu na makasri ambayo hawajapata kuyaona, na sura ya zimwi la sinema ambayo wameizoea hata wakadhani kwamba hadithi wanaijua. Katika Frankenstein ya Mary Shelley, vizuizi vyote viwili huondoka pindi mwalimu akiuacha ukurasa wa kwanza na kuingia kwa mlango wa katikati; na hoja ya kufanya hivyo imo katika ujenzi wa riwaya yenyewe.

Riwaya hiyo, iliyoanzwa kando ya ziwa la Geneva mwaka 1816 na kuchapwa London mwaka 1818, imepangwa kwa sauti tatu, moja ndani ya nyingine: baharia Walton anamwandikia dada yake barua, ndani ya barua mna hikaya ya Victor Frankenstein, na ndani ya hikaya hiyo, tangu sura ya 11 hadi ya 16 katika toleo la mwaka 1831, kiumbe mwenyewe, aliyeumbwa na Victor, anasema. Basi msomaji husikia shitaka kwa muda mrefu kabla mshitakiwa hajapewa idhini ya kujitetea. Lakini mwanafunzi wa leo shitaka hilo amekwisha kulisikia tangu utotoni. Kilichobaki ni utetezi, na ni haki aanze nao.

Na aanze kwa sikio. Kiumbe amejificha katika kibanda kilichoshikana na nyumba ya jamaa maskini, akiwachungulia kwa ufa wa ubao, akijifunza lugha yao kwa kusikiliza, na usiku akiwakusanyia kuni bila wao kumjua. Siku vijana wa nyumba hiyo walipotoka matembezini, alibisha hodi kwa baba yao, mzee De Lacey, ambaye ni kipofu. Na mzee, kwa kuwa hana cha kumpimia mgeni ila maneno yake, akamkaribisha motoni na kumsikiliza kwa upole. Ghafula vijana wakarejea: binti akazimia, na mwana wa kiume, Felix, akamng'oa mgeni magotini pa baba yake, akampiga kwa fimbo. Mwalimu akiusoma mkasa huu kwa sauti, vitabu vimefungwa na picha hakuna, kama sigana, ngano za Waluo, zilivyosimuliwa gizani katika siwindhe, nyumba ya nyanya, darasa zima hukaa mahali pa mzee kipofu, likamhurumia mgeni kabla ya kumwona.

Baada ya hapo na lije simulizi la Simbi Nyaima, ziwa la kreta karibu na Kendu Bay, ambalo wenyeji husema lilimeza kijiji kilichomfukuza bikizee mgeni usiku wa karamu, akaokoka mwanamke mmoja tu aliyempokea. Kosa ni lile lile, ila hukumu si moja: katika Simbi Nyaima aliyemkirimu mgeni husalimika, hali kwa Shelley mgeni hulipiza kwa mikono yake, na wa kwanza kufa ni William, ndugu mdogo wa Victor, mtoto asiye na hatia. Hapo wanafunzi wabishane juu ya insafu, wala mwalimu asiharakishe kuwaamulia.

Kuhusu makasri, Migori ina kuta za Thimlich Ohinga, zilizoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2018: mawe yaliyopangwa bila udongo wa kushikiza, kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, na malango mafupi yanayomlazimu aingiaye kuinama. Kuta hizo zilimzuia adui wa nje. Kasri la Kigothiki, tangu The Castle of Otranto ya Horace Walpole ya mwaka 1764, aghalabu humficha adui ndani. Anayeifahamu tofauti hiyo amekwisha kuifahamu Frankenstein, ambamo hatari hutoka chumbani mwa msomi mwenyewe.

Ndipo darasa lirudi ukurasa wa kwanza, limsome Victor kama mahakimu waliokwisha kumsikia mshitakiwa. Hofu haitapungua, itahama kutoka sura ya kiumbe hadi kwa mtu aliyemuumba akamkimbia saa ile ile alipofumbua macho, na hofu ya namna hiyo ndiyo inayostahili kufundishwa.