Istilahi ya "Jina la Ukoo" na Majina ya Mutwanga

Istilahi ya "jina la ukoo" imeenea katika fomu, vyeti na vitabu vya kufundishia Kiswahili kana kwamba maana yake haina utata wowote. Hudhaniwa kwamba watu wawili wenye jina hilo moja ni ndugu, na kwamba mahali panapobeba jina la ukoo fulani ni pa ukoo huo. Dhana zote mbili huyumba mara tu zinapofikishwa Mutwanga, mji mdogo ulio chini ya mlima Ruwenzori, katika teritori ya Beni, Kivu ya Kaskazini.

Wakazi wengi wa huko ni Wanande, na Wanande humpa mtoto jina kwa kufuata mfuatano wa kuzaliwa. Mvulana wa kwanza huitwa Mumbere au Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Binti wa kwanza ni Masika. Akizaliwa mvulana baada ya mfululizo wa wasichana, huitwa Muhindo, jina lenye maana ya mgeuko. Ng'ambo ya mpaka, kwa Wakonzo wa Uganda, majina ni hayo hayo kwa sura tofauti kidogo: Baluku, Bwambale, Masereka, Kule, Thembo. Basi Kasereka mmoja huweza kumzaa Mumbere na Kambale, wala asiwe na nasaba yoyote na Kasereka wa nyumba ya pili. Julien Paluku Kahongya, gavana wa Kivu ya Kaskazini kuanzia 2007 hadi 2019, na Melchisédech Sikuli Paluku, aliyeteuliwa askofu wa Butembo-Beni mwaka 1998, wana jina moja; linalosomeka katika jina hilo ni nafasi ya kuzaliwa, si undugu.

Karani wa serikali, hata hivyo, ana nafasi tatu za kujaza: jina, jina la nyongeza (lile liitwalo postnom kwa Kifaransa) na jina la ubatizo. Jina la mfuatano huingizwa mara nyingi katika nafasi ya kwanza, na anayetafsiri hati hiyo kwa Kiswahili huandika "jina la ukoo". Hapo kosa limekamilika. Ndugu watatu wa tumbo moja huonekana kuwa watu wa koo tatu, na wageni mia moja huonekana kuwa ukoo mmoja.

Ukoo wenyewe, ekihanda kwa Kinande, haupo katika hati hiyo. Upo katika ramani. Bashu, Baswagha, Batangi na Bamate ni majina ya koo ambayo utawala wa kikoloni uliyafanya kuwa majina ya sheferi, yaani maeneo ya machifu wa jadi. Jambo hili halijatiliwa maanani ya kutosha na wanaisimu. Kiambishi ba- ni cha watu. Nchi hubeba bu-, kama katika Bukonzo. Kiswahili nacho hutofautisha hivyo hivyo: Wagogo hukaa Ugogo, Wanyamwezi Unyamwezi, na jina Uganda ni umbo la Kiswahili la Buganda. Kusema mtu "amezaliwa Bashu" ni sawa na kusema mtu amezaliwa "Wagogo". Wala Kiswahili hakina haki ya kujitoa katika lawama, maana katika teritori hiyo hiyo ya Beni iko sheferi ya Watalinga, na kiambishi wa- hapo ni chetu.

Inaweza kujibiwa kwamba chifu ndiye aliyeishika ardhi, hivyo jina la watu wake lilistahili kuwa jina la nchi. Jibu hilo ni jepesi mno. Randall Packard, katika kitabu chake cha 1981 kuhusu Bashu, ameonyesha jinsi uchifu ulivyofungamana na mambo ya mvua na rutuba, na jinsi ulivyogombaniwa. Ramani huyafuta mashindano hayo yote na kubakiza neno moja. Mahali pakishaitwa kwa jina la watu, asiyebeba jina hilo huhesabiwa mgeni hata kama babu yake amezikwa hapo. Katika mkoa ambao tangu 1993 umepigana mara kwa mara juu ya nani ni mwenyeji wa wapi, kiambishi si jambo dogo.

Mutwanga iliepuka mtego huo kwa sehemu. Iko katika sekta, na sekta kisheria hukusanya jamii mbalimbali. Ikapewa jina la mlima, Ruwenzori.

Lakini vilele vya mlima huo vimejaa majina ya watu. Mtawala wa Abruzzi, Mwitalia aliyeupanda mwaka 1906, aliipa milima yake mikubwa majina ya Stanley, Speke, Baker, Emin na Gessi. Kati ya hao, Stanley alizaliwa John Rowlands, na Emin alizaliwa Eduard Schnitzer. Hayo "majina ya ukoo" mawili hayakuwa ya koo zao. Baadaye Zaire ya Mobutu ilipotaka kumwondoa Stanley, mlima ukaitwa Ngaliema, kwa jina la chifu wa pande za Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Mutwanga.