Kumcheka, kuicheka, kuchekwa

Mei 2020 polisi wa Dar es Salaam walimshikilia mchekeshaji Idris Sultan, mzaliwa wa Arusha ambaye jina lake lilivuka mipaka aliposhinda Big Brother Africa mwaka 2014. Kilichozua jambo ni video fupi iliyosambaa mitandaoni: anaonekana akiangua kicheko kwa picha ya zamani ya Rais John Magufuli, ndani ya suti iliyompwaya. Mashtaka yaliyosomwa baadaye Kisutu yalihusu laini ya simu, kicheko hakikutajwa. Mjadala wa mitaani, hata hivyo, ulikuwa wa kicheko tupu, na mtu wa lugha analo la kusema hapo. Tukio hilo linaandikika kwa sentensi tatu: alicheka, aliicheka picha, alimcheka Rais. Tunazitumia kana kwamba ni moja. Hoja yangu ni kwamba ni madai matatu tofauti, na kwamba mwandishi anayechomeka silabi ya -m- mbele ya mzizi ameshatoa hukumu, ajue asijue.

Tukianza na kitenzi chenyewe, tumpandishe konda kwenye daladala ya Ngaramtoni. Abiria walicheka: hapa kuna furaha tu, hakuna aliyeumizwa. Abiria walicheka na konda: wako upande mmoja, naye anacheka. Konda aliwachekesha abiria: yeye ndiye fundi wa kicheko. Konda aliwachekea abiria: aliwaonyesha uso mkunjufu, pengine wa unafiki, maana kauli ya kutendea hapa huweza kuficha jambo. Lakini sema abiria walimcheka konda, na mara moja mtu ameaibishwa. Hatujaongeza neno la dharau wala kielezi. Tumeweka kiambishi cha mtendwa, basi. Ushahidi mzito zaidi uko kwenye kauli ya kutendwa. Kitenzi kisichobeba mtendwa hakiwezi kumfanya mtu awe kiima cha kutendwa, kwa hiyo kuchekwa kumezaliwa na kumcheka, hakukuzaliwa na kucheka kutupu. Ndiyo maana hakuna Mswahili anayesema "jana nilichekwa" akimaanisha kwamba alistarehesha watu. Aliyechekwa amedharauliwa. Hata kuchekana ni kudharauliana kwa zamu; wanaofurahi pamoja hucheka, hawachekani.

Vitenzi jirani vinathibitisha mpangilio huo kwa njia nyingine. Kudhihaki kumetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kucheka, na kule kwao kitenzi hicho huhitaji kihusishi ndipo kiwe dhihaka. Sisi tulikipokea kikiwa na mwiba tayari, kwa hiyo hakijui kukaa bila mtendwa: "alidhihaki" inamwacha msomaji akiuliza, alimdhihaki nani, alidhihaki nini? Kukejeli nako ni hivyohivyo, ila kunapenda zaidi maneno na matendo kuliko watu. Mtu anaweza kukejeli hotuba, bajeti, au mpango wa kuwaondoa wamachinga barabarani, na aliyetoa hotuba akabaki mzima. Kwa hiyo mwandishi wa habari anayetaka kueleza dhihaka iliyolenga jambo ana kitenzi cha kazi hiyo, na hana sababu ya kukimbilia kumcheka.

Pingamizi kali dhidi yangu linatoka ndani ya sarufi yenyewe. Kiswahili kina tabia ya kumpandisha mwenye mali hadi nafasi ya mtendwa. Hatusemi mwizi alivunja mkono wangu. Tunasema alinivunja mkono. Kadhalika tunasema walimcheka mavazi yake, walimcheka anavyotembea. Basi mpingaji atasema: anayecheka suti anamcheka aliyeivaa, na picha ya Rais ni Rais. Hoja hii ina nguvu na sitaki kuipunguza, kwa sababu ndivyo watu wanavyohisi wanapochekwa. Lakini tazama upandishaji huo unafanya kazi wapi. Unashika kwenye kiungo cha mwili, na kwenye kitu kilichogandamana na mtu wakati tendo linatendeka. Vunja kioo cha picha yangu iliyoko ukutani: umenivunjia kioo, kwa maana ya hasara, ila hujanivunja. Kadiri kitu kinavyojitenga na mwenyewe kwa wakati na mahali, ndivyo sentensi yenye -m- inavyozidi kuwa uamuzi wa msemaji. Suti ya ujanani, ndani ya picha iliyopigwa miaka mingi nyuma, iko mbali sana na mtu aliyekuwa Ikulu mwaka 2020. "Aliicheka picha" ndiyo sentensi inayoeleza kilichoonekana kwenye video. "Alimcheka Rais" inaongeza nia, na nia haikuonekana kwenye video. Anayeiandika anadaiwa ushahidi.

Sheria yenyewe, ukiisoma kwa jicho la sarufi, inajali tofauti ya namna hii. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinazungumzia anayetuma ujumbe kwa mtu mwingine kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtia uchungu wa moyo. Kiini chake ni kumtumia mtu, kauli ya kutendea iliyo na mpokeaji. Video iliyowekwa hadharani kwa kila apitaye ina watazamaji. Mpokeaji wake ni yupi? Linganisha na shauri la hapa Arusha. Juni 2016 mahakama ilimtoza mkazi mmoja faini ya shilingi milioni 7, au kifungo cha miaka mitatu, kwa maneno aliyoandika Facebook akipinga Rais Magufuli kufananishwa na Mwalimu Nyerere, akamwita Rais kwa jina la dharau. Unaweza kuona adhabu hiyo ni kubwa kupita kiasi, nami naiona hivyo, lakini kisarufi hakuna utata: mlengwa ni mtu, ametajwa, na kitenzi kinachofaa ni kumtukana au kumdhihaki. Kuyaweka matukio haya mawili kwenye kapu moja la "kumkejeli Rais" ni uvivu wa kuchagua maneno.

Wapo watakaosema kiongozi ana heshima yake, na kwamba kumchambua kiambishi kwa kiambishi ni kumtafutia mkosaji mlango wa nyuma. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake humuhumu Arusha, iliamua Desemba 5, 2014 katika shauri la Lohé Issa Konaté dhidi ya Burkina Faso kwamba kumfunga mwandishi kwa kashfa kulivunja uhuru wake wa kujieleza, na ikaona kwamba wenye madaraka hawana budi kuvumilia ukosoaji kuliko raia wa kawaida. Kwa hiyo hata pale -m- inapostahili, haijawa kosa la jinai kwa kuwa tu imeandikwa. Mimi nadai kidogo zaidi ya hapo, kwamba isiandikwe isipostahili.

Kimebaki kitenzi ambacho wachekeshaji hupenda kujifichia. "Nilikuwa natania tu" ni utetezi mwepesi, lakini kutania ndicho kitenzi kigumu kuliko vyote, maana kinadai mtani. Wapare na Wachaga mjini Arusha hutaniana, mashabiki wa Simba na Yanga hutaniana kila timu hizo zinapokaribia Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na hakuna anayelalamika kwa sababu zamu yake itafika. Kipimo ni kauli ya kutendana: kama -ana haiingii, utani haupo. Mchekeshaji hawezi basi kusema alimtania Rais, kwa kuwa Rais hakuwa mtani wake. Ila kipimo hicho kinakata pande zote mbili. Viongozi wetu hupenda kuwapiga vijembe watendaji wa chini jukwaani, umati ukavunjika mbavu, na kesho magazeti yakaandika kuwa waliwatania. Mwandishi ajiulize kama mtendaji aliyesimamishwa pale angeweza kurudisha kijembe na kurudi ofisini kwake Jumatatu. Kama hangeweza, alichekwa.