Shamba lisilo na muhogo

Wandugu, miaka mingi mi nilikuwa mtu wa PlayStation 2. Sasa nimejiungia mashini kidogo kidogo: Dell OptiPlex iliyokwisha kutumika, RAM 8, kadi GTX 1050 Ti, maana yangu haiombi waya wake wa umeme. Mchezo wa kwanza? Farming Simulator 22. Agronomu, si mnaona!

Ni mzuri: unamwaga chokaa na mbolea, mavuno yanapanda. Lakini benki inakukopesha kwa kubofya tu! Kuko ngano, zabibu, hata zeituni. Muhogo hakuna, makemba hakuna. Mkulima wa huku Kisangani, wa panga na jembe, anayepigana na mozaiki kwenye majani ya muhogo, Waswisi wa Giants hawakumwona.

Mdogo wangu alicheza juma moja, akaniuliza trakta tutanunua lini. Shamba letu bado limejaa visiki.