Mtoro na Aliyekatizwa Masomo

Katika karne ya 19, huko Mrima, mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Leo shuleni, Handeni na Korogwe kama kwingineko nchini, huitwa hivyo mtoto asiyeonekana darasani, awe amekwenda kucheza au ametumwa maji mbali. Tangu Waraka wa Elimu wa mwaka 2021 uwaruhusu kurejea hata wasichana waliopata mimba, imeenea istilahi iliyo bora: "waliokatiza masomo". Hata hivyo, kukatiza ni tendo la mwanafunzi mwenyewe. Twapendekeza "waliokatizwa masomo", na "mtoro" abaki yule aliyetoroka kweli. Istilahi inayomlaumu mtoto humwelekeza mpangaji wa mitaala kwenye adhabu, si kwenye msaada.