Fidla ya Charles Ingalls

Charles Ingalls alikuwa mtu wa kuhama. Alizaliwa mwaka 1836 katika jimbo la New York, akalima penye misitu ya Wisconsin, akajenga nyumba ya magogo Kansas kwenye ardhi iliyokuwa bado ya wenyeji Waosage, akapanda ngano Minnesota, nzige wakaila. Mwisho alitua De Smet, Dakota, akapata shamba la ekari zipatazo 160 kwa sheria ya mwaka 1862 iliyowagawia walowezi ardhi. Kila alipopakia gari lake la farasi, fidla ilipewa nafasi.

Sisi tunaoijua fidla kwa taarabu tunajua ilivyo ngumu. Shingo yake haina vigawanyo kama gitaa, na kidole kikiteleza kidogo tu, sauti inapotoka. Sasa mfikirie mkulima aliyeshinda na shoka, viganja vimejaa sugu, jioni anapaka ulimbo mkavu kwenye nywele za upinde, anazikaza nyuzi nne moja moja huku akisikiliza, kisha anapiga. Katika kipupwe kikali cha 1880 hadi 1881 theluji ilizuia treni, na familia ikawa inasokota nyasi kavu ili ipate kitu cha kuchoma. Binti yake, Laura Ingalls Wilder, ameeleza katika kitabu chake The Long Winter jinsi vidole vya baba vilivyovimba na kukakamaa hata akashindwa kupiga. Kuna njaa nyingi ndani ya kitabu hicho, lakini mimi huumia zaidi hapo.

Lakini ninachomheshimia Charles hasa ni ukusanyaji wake wa nyimbo. Alikuwa na ngoma za Waskoti kama Money Musk, ya karne ya 18, na za Waayalandi, tenzi za kanisani, nyimbo za vita, na zile za majukwaani, ambazo baadhi yake, ni lazima isemwe, ziliwadhihaki watu weusi. Ghala lake lilikuwa kichwa chake. Mpigaji wa aina hii huusikia wimbo, huondoka nao sikioni, kisha huutafuta kwenye nyuzi, kipande kwa kipande, mpaka mkono uuzoee. Nyumbani kwao nyikani, majirani wakiwa mbali, watoto walizipata nyimbo hizo kwa baba.

Na zilishika. Charles alifariki mwaka 1902. Laura alianza kutoa vitabu vyake mwaka 1932, baba akiwa kaburini kwa miaka 30, na ndani ya vitabu hivyo mna nyimbo zaidi ya 120. Mtaalamu wa muziki Dale Cockrell alizifuatilia katika machapisho ya zamani, na mwaka 2011 zikatoka pamoja na noti zake, kwenye mfululizo uleule wa vitabu vya muziki wa Marekani uliochapa nyimbo za mtunzi Charles Ives.