Hakimu Asiye na Nyumbani

Takribani kilomita mbili magharibi ya Regent Park, mtaa wa nyumba za umma ulioanza kujengwa Toronto mwaka 1948, limesimama jumba la Old City Hall. Katika mahakama za jumba hilo ndimo inamotendeka tamthilia ya This Is Wonderland, iliyorushwa na CBC kati ya 2004 na 2006. George F. Walker, mmoja wa waundaji wake, alikulia mashariki ya jiji hilohilo, na washtakiwa wake ni majirani wa Regent Park kwa hali zao: maskini, wahamiaji, wagonjwa wa akili.

Ontario ilifuta cheo cha hakimu mwaka 1968. Wote wakawa majaji. Kiswahili hakikukubali kurahisishiwa hivyo. Anayekabidhiwa wizi mdogo, ugomvi wa nyumbani na maombi ya dhamana tangu asubuhi hadi jioni ni hakimu tu. Maxwell Fraser, aliyeigizwa na Michael Murphy, ni hakimu kwa maana hiyo, na tamthilia inamtendea haki kwa kumfanya mtu kabla ya kumfanya cheo. Uchovu wake ni sehemu ya hukumu.

Vioja Mahakamani ya Kenya imeshika njia nyingine. Hakimu wa Lucy Wangui tunamjua akiwa kitini. Mchezo hauna haja ya kutupeleka kwake. Uhai wote uko kizimbani, ambako Makokha na Ondiek Nyuka Kwota hujitetea kila mmoja kwa Kiswahili chenye lafudhi ya kwao. Sheria ya Kenya huruhusu Kiswahili katika mahakama za chini, na mchezo huu umeigeuza ruhusa hiyo kuwa sanaa: mshtakiwa huweza kumbabaisha hakimu, kumchekesha, hata kumkasirisha, bila mtu kusimama kati yao.

Hapo ndipo upungufu wa Wonderland unapodhihirika. Kifungu cha 14 cha Mkataba wa Haki wa Kanada wa mwaka 1982 humpa mshtakiwa mkalimani. Mkalimani huvusha maana, lakini mzaha, kiburi na aibu huzama njiani. Hakimu mwenye moyo anasikia ushahidi. Mwenye ushahidi hamsikii. Huko Nairobi mambo ni kinyume: mshtakiwa anasikika kikamilifu, ila na kiti ambacho jioni hakirudi popote, kana kwamba sheria haina mwenyewe.

Tamthilia inayosubiriwa ni ile itakayounganisha pande hizo mbili: hakimu wa Toronto aliyelelewa kwa Kiswahili, akimsikiliza mshtakiwa kutoka Regent Park. Atayasikia maneno mara mbili, kwanza kwa kinywa cha mwenyewe, kisha kwa cha mkalimani, na kumbukumbu ya kesi itachukua ya pili. Ya kwanza ataondoka nayo kwenda nyumbani.