Shukrani kwa Wainjilisti wa Mbulu na Hanang

Wapo watu ambao taarifa za maaskofu na waganga huwataja kwa nadra, nao ni wainjilisti na makatekista wa Mbulu na Hanang, ambao kabla ya kushika jembe hukifungua Kitabu kitakatifu, wakasali, na kuwahimiza jirani zao kufanya vivyo hivyo kila siku iendayo kwa Mungu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955, imepata sifa yake kwa stahili, na hata huko kuna ibada ya asubuhi. Lakini ibada ya nyumbani, pasipo kengele wala kanzu, ni amali ya hawa.

Tena kazi yao ina taabu isiyodhihirika kwa mgeni. Biblia ya Kiswahili iitwayo Union Version, iliyotimia mwaka 1952, husomwa mbele ya Wairaqw, wenye lugha ya Kikushi, na Wadatoga, wenye lugha ya Kiniloti. Basi msomaji hana budi kuwa mkalimani pia, aipime kila aya kwa akili yake, kisha aieleze mpaka bibi kizee asiyejua herufi aweze kusali kwa maneno yake mwenyewe. Mimi naihesabu hiyo kuwa elimu ya juu, ijapokuwa haina shahada, na ujira wake, nadhani, ni haba mno.

Desemba 2023, tope lilipoporomoka kutoka Mlima Hanang likaangamiza watu na nyumba za Katesh, waliofiwa walihitaji mtu wa kusali nao, si siku ya maziko tu, bali kesho yake, na kesho kutwa, na mtondo.